Shajara ya mradi: hedifoni zinazopiga kelele hata kompyuta ikishushwa karibu na sifuri

Jumatatu asubuhi: tatizo lenyewe

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, kwa hiyo hedifoni ziko masikioni sehemu kubwa ya siku. Ni zile ndogo zinazoingia ndani ya sikio, zenye maikrofoni kwenye waya. Tangu nihamie kwenye kompyuta mpakato hii, sauti imekuwa kero. Kitelezi cha Windows kinaanzia 0 hadi 100. Kikiwa kwenye 2, mzungumzaji ananong'ona na maneno yanapotea. Kwenye 4 nasikia kila kitu. Kwenye 6 naanza kukunja uso. Vitufe vya sauti kwenye kibodi vinaruka mbilimbili, kwa hiyo eneo lote ninaloweza kulitumia lina hatua tatu tu. Kuanzia 10 kwenda juu ni maumivu matupu.

Kinachonisumbua zaidi ni zile sauti zinazoingia bila hodi. Mkutano unaita, tangazo la video linaanza lenyewe, au rekodi inayofuata imerekodiwa kwa nguvu kuliko iliyotangulia. Sikio lina msuli mdogo unaojikaza kelele kubwa inapokuja, lakini hujikaza baada ya sauti kuwa imeshaingia. Kwa mlio wa ghafla haufui dafu.

Masharti niliyojiwekea: sauti ya kufanyia kazi ikae katikati ya kitelezi au karibu na hapo; kitelezi kikifika 100 kwa bahati mbaya, nisirukie hedifoni kuzing'oa; maikrofoni iendelee kufanya kazi; na matamshi yabaki safi, kwa sababu neno moja nikilinukuu vibaya linabadilisha ushahidi wa mtu.

Jumatatu usiku: hesabu kwanza

Kabla ya kugusa mipangilio nilitaka kujua kelele hii inatoka wapi. Kwenye karatasi ya hedifoni zangu kuna namba mbili: ukinzani wa omu 16, na desibeli 110 kwa kila miliwati 1. Hiyo ya pili ndiyo ya kutazamwa. Maana yake ni kwamba zikipewa umeme mdogo mno, sehemu moja ya elfu ya wati, zinatoa desibeli 110. Ili kupata miliwati 1 kwenye omu 16 unahitaji volti 0.126 tu.

Sasa kompyuta inatoa volti ngapi? Nilicheza mlio mmoja mnyofu wa hezi 60 wenye nguvu kamili, nikapandisha kila kitelezi hadi 100, hedifoni zikiwa mezani na si masikioni, kisha nikagusisha ncha za multimita kwenye plagi. Nilichagua hezi 60 kwa sababu multimita za kawaida zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani, na kwenye milio ya juu nyingi husoma pungufu. Ilisoma volti 1 kamili. Kutoka volti 0.126 hadi volti 1 ni nyongeza ya desibeli 18. Kwa hiyo mashine hii ina uwezo wa kuzisukuma hedifoni hizi hadi desibeli 128. Hakuna binadamu anayehitaji hilo.

Mazungumzo yaliyorekodiwa vizuri huwa na wastani ulio karibu desibeli 20 chini ya nguvu kamili, kwa hiyo kitelezi kikiwa 100 ningesikia watu wakizungumza kwa desibeli 108. Mimi nataka 64 hivi, kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Pengo ni desibeli 44. Kila kushuka kwa desibeli 20 ni kugawanya volti kwa 10, kwa hiyo natakiwa kuitupa karibu volti yote na kubaki na kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya mia yake. Ndiyo maana naishi kwenye 4. Ni bomba lenye presha ya kupita kiasi: mpini ukiusogeza unywele mmoja maji yanaruka, na kuendelea kuusogeza kwa uangalifu zaidi hakuipunguzi presha.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba asilimia za kitelezi si desibeli. Ukifungua dirisha la zamani la sauti la Windows, kwenye kichupo cha viwango, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya namba na uchague desibeli; utaona ukweli. Kwenye mashine yangu 50 ni karibu desibeli −10, na 25 ni karibu −20. Huku chini mteremko ni mkali sana: kutoka 2 kwenda 4 ni desibeli 10 nzima, na ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti imekuwa maradufu. Kutoka 4 kwenda 6 ni karibu 6. Kwa hiyo si kweli kwamba masikio yangu ni mepesi mno. Kitufe kimoja kinabadilisha sauti kuliko inavyotakiwa, basi.

Nimeandika pia viwango vya usalama pembeni ya daftari. Kiwango cha H.870, kilichotolewa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, kinampa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila ukipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Ukifika 110 umebakiwa na dakika 2 na sekunde chache kwa wiki nzima. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, zile zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva, kwa binadamu hazioti tena zikifa. Ninaijali hesabu hii kuliko zote zilizomo humu.

Jumanne: kuondoa kinachoongeza kelele bila sababu

Leo nilipita kwenye kila mahali panapoweza kuwa pameongeza sauti kimyakimya.

Kwanza, viboresho vya sauti. Draiva nyingi, yaani programu zinazoendesha kadi ya sauti, huja na kipengele cha kusawazisha sauti ambacho huinua sehemu za chini ili zilingane na za juu. Kwenye filamu kinasaidia. Kwenye mahojiano kinainua pumzi, karatasi zinazopekuliwa na feni ya chumbani, na yote hayo yanakuja usoni mwa msikilizaji. Nimekizima.

Pili, programu ya mtengenezaji wa draiva. Unapochomeka plagi, baadhi ya kompyuta huuliza umechomeka nini, na jibu linaweza kubadilisha nguvu ya tundu. Nimejaribu majibu yote nikipima kwa multimita. Kwangu volti haikubadilika, lakini ni jambo la kupima kabla ya kuhangaika na mengine.

Tatu, programu za kuchezea. Baadhi zinaruhusu kuvuka asilimia 100. Yangu ilikuwa kwenye 100 barabara.

Nne, kichanganyio cha sauti, pale ambapo kila programu ina kitelezi chake. Watu wengi hushauri ushushe programu zote hadi 20 na uinue kitelezi kikuu. Inasaidia kwa saa chache. Programu mpya ikifunguliwa inaingia na 100 yake, na hiyo mpya ndiyo mara nyingi yenye mlio wa kuita. Ninachotafuta ni dari isiyovukwa na programu yoyote, na dari ya aina hiyo haipatikani kwenye kichanganyio.

Jumatano: kushusha ndani ya Windows

Nimesakinisha Equalizer APO. Ni programu ya bure inayokaa ndani ya mfumo wa sauti wa Windows, kwa hiyo kila kinachopita kuelekea hedifoni kinapita kwake. Wakati wa kusakinisha unachagua kifaa kitakachohusika, kisha unawasha upya kompyuta. Mipangilio yote iko kwenye faili moja ya maandishi, config.txt. Nilifuta yaliyokuwamo nikaandika mstari huu tu, unaoshusha sauti yote desibeli 24:

Preamp: -24 dB

Ukihifadhi faili, mabadiliko yanafanya kazi papo hapo. Sauti ilishuka nikiwa katikati ya sentensi ya mtu. Nikapandisha kitelezi taratibu, na mazungumzo yakakaa sawa nilipofika 25. Hapo kitufe kimoja cha kibodi kinabadilisha kama desibeli 1 tu. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, kwa raha ya kuona kwamba sasa kuna pa kwenda. Mchana wote nimefanya kazi bila kuzivua.

Kuna wanaohofia kwamba kushusha sauti kwa programu kunaharibu ubora. Kila biti inabeba karibu desibeli 6, kwa hiyo desibeli 24 ni biti 4. Nimeweka utoaji wa kompyuta kwenye biti 24, ambazo zina nafasi ya desibeli 144 kwenye karatasi. Ukiondoa 24 inabaki 120. Rekodi zangu ni za biti 16, yaani 96. Hakuna ninachopoteza.

Lakini mambo mawili yananizuia kuuita mradi huu umekwisha.

La kwanza, dari hii ina milango ya pembeni. Programu inayoishika kadi ya sauti peke yake, kama zinavyofanya baadhi ya programu za muziki, haipiti kwa APO kabisa. Vilevile draiva ikisasishwa, APO inaweza kung'oka na ukalazimika kuichagua upya. Siku hiyo kitelezi kitakuwa kwenye 25 na sauti itakuja desibeli 24 juu ya ninayoitegemea: 88 badala ya 64.

La pili ni mvumo. Mtu anaponyamaza kwenye rekodi, nasikia *shhh* nyembamba isiyokatika. Nimeshusha kitelezi hadi 0 na bado ipo. Nikichomoa plagi inaondoka. Inazaliwa ndani ya amplifaya ya kompyuta, baada ya hatua zote za kidijitali, kwa hiyo hata ningeandika −60 kwenye faili lile isingepungua. Hedifoni nyepesi kama hizi hutoa kila kitu nje, hata uchafu. Dawa yake lazima ikae baada ya amplifaya, yaani kwenye waya.

Alhamisi

Leo ilikuwa kazi tupu, ila nimeona jambo: sauti ikiwa ndogo, feni ya kompyuta inanishawishi nipandishe. Nimebadilisha vifuniko vya mpira vya hedifoni nikaweka saizi kubwa kidogo inayoziba sawasawa. Kelele ya nje ilipungua na kitelezi kikashuka chenyewe hadi 22. Ukitaka kusikiliza kwa sauti ndogo, anza kwa kuziba.

Ijumaa jioni: kompyuta ya mdogo wangu

Mdogo wangu anatumia Linux na ana hedifoni kubwa za omu 32. Aliposikia ninachofanya akaja na mashine yake kwapani.

"Dada, hii yangu nikigusa kitufe mara moja tu inanipasua."

"Usizivae kwanza. Ziache shingoni tutazame."

Kwa Linux mambo yako kwenye tabaka. Chini kabisa kuna ALSA, sehemu ya mfumo inayozungumza na kadi ya sauti, na ukiandika alsamixer unaona nguzo za kadi yenyewe: Master, Headphone, PCM. Juu yake kuna PipeWire, ambayo ndiyo inayoshika kitelezi cha dawati. Kwake nguzo ya Headphone ilikuwa juu kabisa. Tuliishusha, lakini kila alipogusa kitelezi cha dawati, PipeWire ilizisogeza nguzo za kadi pamoja nacho na mpango wetu ukavurugika. Kilichomaliza ubishi ni kuiambia PipeWire itumie kitelezi chake cha programu na isiguse kadi. Mpangilio huo unaitwa api.alsa.soft-mixer, na unawekwa true. Baada ya hapo nguzo ya Headphone ilibaki pale tulipoiacha.

Kisha tukabadilisha amri ya kitufe cha kuongeza sauti:

wpctl set-volume -l 0.4 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 1%+

Ile -l 0.4 ni mpaka. Hata akikalia kibodi, kitufe hakitapita asilimia 40, na kila mguso ni asilimia 1. Kwa mashine yake nimeipenda kuliko kitu chochote nilichokipata kwenye yangu. Mpaka huo ni wa kitufe tu, lakini. Kitelezi kikivutwa kwa panya kinapita, ndiyo maana nguzo ya chini nayo ilibidi ishushwe.

Kwa wenye kompyuta za Apple, shika Option na Shift unapobonyeza kitufe cha sauti. Kila hatua inagawanywa mara nne, na hatua 16 zinakuwa 64. Hiyo haiweki dari, inakupa ulaini tu.

Jumamosi asubuhi: kuchagua dawa ya waya

Niliyafikiria mambo matatu.

Hedifoni nyingine. Zenye omu 250 na desibeli 96 kwa miliwati, kwa volti 1 ileile, zingepata miliwati 4 na kutoa desibeli 102. Hizo ni desibeli 26 chini ya zangu, kwenye mashine ileile, bila kugusa chochote. Kwa anayenunua mpya, hilo ndilo la kusoma kwenye karatasi kabla ya kuangalia rangi. Mimi hizi zangu nazipenda na ni nzima.

Waya wenye kigurudumu cha sauti. Ni rahisi kupata, lakini vigurudumu vingi vikikaribia mwisho wa chini hutoa sauti zaidi upande mmoja, na huko chini ndiko ningeishi. Tena mwingi una plagi ya pete chache, na maikrofoni inakufa.

Kipunguza sauti cha rezista, vipande vidogo vinavyozuia umeme, kisichogeuzwa wala kusogezwa. Hiki ndicho nilichochagua.

Rezista moja tu kwenye njia ya kila sikio ingepunguza sauti, ila ingebadilisha na sura yake. Ukinzani wa hedifoni hautulii. Unapanda na kushuka kadiri mlio unavyobadilika, na rezista kubwa iliyo mbele yake huyakuza mabadiliko hayo hadi yasikike. Kwa hiyo unaweka mbili: moja njiani, ya pili kutoka hapo kwenda kwenye ardhi, yaani waya wa kurudishia umeme, sambamba na hedifoni. Ya pili ikiwa ndogo, hedifoni zinaona chanzo tulivu. Wahandisi wa sauti wana desturi kwamba ukinzani wa chanzo usizidi sehemu 1 ya 8 ya ukinzani wa hedifoni. Kwangu hiyo ni omu 2.

Nilicheza na namba hadi nikaangukia omu 22 njiani na omu 2.2 kwenda ardhini. Hedifoni ya omu 16 sambamba na 2.2 ni kama omu 1.93, pamoja na 22 zinakuwa karibu 23.9. Kinachofika ni sehemu 0.081 ya volti, yaani karibu desibeli 22 chini. Hedifoni zikitazama nyuma zinaona omu 2 kamili. Amplifaya nayo inaona omu 24 badala ya 16, kwa hiyo inapumzika. Joto ni kama miliwati 40 kwa volti kamili, na rezista za robo wati zinalibeba bila wasiwasi.

Kwa hedifoni za omu 32 za mdogo wangu, 39 na 4.7 zinatoa kama desibeli 20, na chanzo kinakuwa karibu omu 4.2. Imezidi desturi kidogo, lakini kwa hedifoni kubwa za kawaida sitakosa usingizi.

Jumamosi mchana: kulehemu

Rezista za 22 na 2.2 zinafanana mno. Zote zinaanza na pete mbili nyekundu. Ya tatu ndiyo inayosema: nyeusi ni 22, dhahabu ni 2.2. Nilizipima zote kwa multimita nikazipanga kwa jozi, kwa sababu za asilimia 5 zikitofautiana kushoto na kulia, sauti ya mtu inahama kutoka katikati ya kichwa. Kwa thamani ndogo kama 2.2, gusisha kwanza ncha za multimita zenyewe, soma ukinzani wa waya zake, kisha uutoe kwenye jibu.

Plagi yangu ina sehemu nne. Kwa mpangilio wa CTIA, ambao ndio unaotumika kwenye vifaa vingi vya sasa, ncha ni kushoto, pete ya kwanza ni kulia, pete ya pili ni ardhi, na shina ni maikrofoni. Upo mpangilio wa zamani, OMTP, ambao ardhi na maikrofoni zimebadilishana nafasi. Usikisie, pima. Waya wa maikrofoni nimeupitisha moja kwa moja kutoka plagi hadi tundu bila rezista.

Nyaya za hedifoni zimepakwa vanishi ya rangi na zimesukwa pamoja na uzi. Ukiziwekea risasi hivihivi inateleza na kudondoka. Nilishika ncha ya chuma cha kulehemu yenye tone la risasi mbichi juu ya waya mpaka vanishi ikachemka, ikatoa moshi kidogo, na risasi ikaushika waya ikang'aa. Hapo ndipo nikaunganisha. Kila kiungo nilikivalisha mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha vyote nikavitia ndani ya kikasha cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole gumba.

Kipimo: mlio uleule wa hezi 60, vitelezi vyote 100, hedifoni zimechomekwa lakini ziko mezani. Kushoto milivolti 81, kulia 80. Hesabu na mashine zimekubaliana.

Jumamosi usiku

Mvumo umekwisha. Nimekaa na rekodi yenye ukimya mrefu, mama mmoja anafikiri kabla ya kujibu, na katika ukimya huo nasikia chumba chake na si kompyuta yangu. Kwa kazi hii, hilo peke yake lingetosha.

Wiki iliyofuata: kupanga ngazi upya

Sasa waya unashusha 22 bila kumwomba mtu ruhusa. Nguvu kamili ya mashine imekuwa desibeli 106 badala ya 128. Bado ni nyingi. Kwa hiyo APO nimeirudisha, safari hii kwa Preamp: -10 dB, na dari ikawa 96. Mazungumzo ya kawaida, kitelezi kikipanda hadi 100 kwa bahati mbaya, yatafika 76. Nafanyia kazi kwenye 44. Na APO ikitoweka baada ya sasisho, nitaona tofauti ya 10 tu, si 24.

Ila bado kulikuwa na kitu kinachochoma. Sauti za *s* na *sh* za baadhi ya wazungumzaji zilikuwa kali hata kwa kiwango cha chini. Nilicheza mlio unaopanda polepole kutoka chini hadi juu, kwa sauti ndogo, na karibu na hezi 7,000 ulichomoza ghafla kisha ukarudi. Sikio lililozibwa huwa na mwitiko wake maeneo hayo, na mahali penyewe panategemea hedifoni imeingia kiasi gani, kwa hiyo kila mtu atafute pake. Mstari nilioongeza:

Filter: ON PK Fc 7000 Hz Gain -4 dB Q 2

Desibeli 4 kwenye eneo jembamba tu. Baada yake niligundua naweza kupandisha kitelezi hatua mbili bila kukereka, maana kilichokuwa kinaniumiza hakikuwa sauti nzima bali kilele kile.

Kinyume chake kipo upande wa besi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichora jinsi sikio linavyopoteza besi kadiri sauti inavyopungua, na michoro ya aina hiyo leo iko kwenye kiwango cha ISO 226. Muziki ukisikilizwa kwa sauti ndogo unakonda, na mkono unaenda kwenye kitelezi. Nina faili la pili la muziki, lenye desibeli 3 za ziada chini ya hezi 105 na Preamp iliyoshushwa 3 zaidi ili kufidia. Kwa mahojiano silitumii.

Mtu mmoja aliyeiona kazi hii aliniuliza kama itamfaa, kwani yeye hata milio ya vijiko inamuumiza. Nilimjibu kwamba sauti za kawaida za maisha zikiuma, au masikio yakiwa na mlio usiokoma, hilo ni la daktari wa masikio, na aende mapema. Rezista haziwezi kufanya kazi hiyo.

Hedifoni zisizo na waya

Kwa Bluetooth kikasha changu hakina pa kukaa. Tatizo la huko ni kwamba kompyuta na hedifoni mara nyingi hushirikiana kitelezi kimoja: ukisogeza cha kompyuta, kompyuta haipunguzi chochote, inatuma tu amri kwa hedifoni. Zikiwa na hatua chache ndani yake, hatua ya kwanza inaweza kuwa kubwa tayari.

Kwenye Windows ushirika huo unavunjwa ndani ya sajili, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya mfumo (Registry): HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\ControlSet001\Control\Bluetooth\Audio\AVRCP\CT, thamani ya DisableAbsoluteVolume iwe 1, kisha washa upya. Simu za Android nazo zina swichi ya namna hiyo kwenye mipangilio ya wasanidi programu. Vitelezi vinakuwa viwili: cha hedifoni kwa vitufe vyake, na cha kompyuta. Niliposhusha cha hedifoni hadi karibu na chini, cha kompyuta kikapata nafasi, na kitufe kimoja sasa kinasogeza kidogo.

Tahadhari moja: baada ya kuvunja ushirika, hedifoni zinaweza kuunganishwa zikiwa kwenye nguvu yake ya juu kabisa, kwa sababu hakuna tena anayeziamuru. Ziunganishe zikiwa mkononi, bonyeza kitufe chake cha kupunguza mpaka chini, cheza kitu, ndipo uvae. Mimi nafanya hivyo kila zinapounganishwa upya, na kwa simu za kazi narudi kwenye waya.